Upo kwenye dayati? Usidanganywe na jina la aiskrimu

Joto likipanda, foleni kwenye maduka ya aiskrimu nazo hurefuka. Miaka ya karibuni maduka haya yameongezeka mijini, hasa kwenye majengo makubwa ya biashara. Sasa unachagua mwenyewe ladha, koni na vya kunyunyizia juu. Wakati huohuo, wengi wetu tumeambiwa na daktari, au tumeamua wenyewe, kupunguza uzito. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu wazima bilioni 2.5 duniani walikuwa na uzito uliozidi, na kati yao milioni 890 walikuwa na kiribatumbo.

Swali linakuja: je, aliye kwenye dayati aache kabisa aiskrimu? Hapana. Ila ajue anachonunua, kwa sababu jina lililoandikwa kwenye kioo cha duka mara nyingi halisemi yote.

Tuanze na msingi. Kalori za aiskrimu zinatoka hasa kwenye mafuta ya maziwa na sukari. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya sukari ina kalori 4. Ndiyo maana aiskrimu ya kawaida ya vanila ina takriban kalori 200 kwa kila gramu 100, na ile nzito yenye krimu nyingi hufika 250. Yogati ya barafu mara nyingi huwa kati ya 130 na 160. Sorbeti, yaani matunda, maji na sukari vilivyogandishwa bila maziwa, huwa kati ya 100 na 140.

Ukiishia hapo, utadhani kazi imekwisha: chagua yogati au sorbeti, basi. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Chukua mfano. Mtu wa kwanza anaagiza skupu moja ya aiskrimu ya kawaida kwenye kikombe. Skupu hiyo ina gramu 65 hivi, sawa na kalori 130. Mtu wa pili anachagua yogati ya barafu kwa sababu ni "nyepesi", lakini dukani anajipakulia mwenyewe na kikombe ni kikubwa. Anajaza gramu 300. Hizo ni kalori zisizopungua 390, kabla hajaweka karanga, biskuti na sosi ya chokoleti. Aliyechagua kinachoitwa chepesi amekula mara tatu ya mwenzake.

Kwa hiyo, kwa anayepunguza uzito, cha kwanza kuangalia ni kiasi. Cha pili ni vinavyoongezwa juu. Koni nyepesi isiyo na utamu ina kalori 20 hivi, ilhali ile koni kubwa ya biskuti inaweza kufika 120. Vijiko viwili vikubwa vya sosi ya chokoleti vinaongeza takriban 100 nyingine. Kutembea kwa haraka kwa nusu saa kunatumia kalori kama 150 kwa mtu wa kilo 70, hivyo koni na sosi peke yake vinamaliza matembezi yako yote.

Sorbeti nayo ina mtego wake. Haina mafuta, lakini karibu kalori zake zote ni sukari. WHO inashauri sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, yaani gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana iwe chini ya gramu 25. Vikombe viwili vya sorbeti vinaweza kumaliza kiwango hicho cha chini. Mwenye kisukari asiichukulie sorbeti kuwa salama eti kwa sababu ni ya matunda.

Vipi kuhusu aiskrimu "isiyo na sukari"? Kumbuka mafuta yake yapo palepale. Isitoshe, Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitegemee vitamu mbadala kama njia ya kudhibiti uzito, kwa sababu ushahidi haukuonyesha kuwa vinapunguza mafuta mwilini kwa muda mrefu. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Hao wafuate maelekezo ya daktari wao.

Kuna suala jingine ambalo si la mlaji peke yake. Marekani, tangu Mei 2018, migahawa na maduka ya chakula yenye matawi 20 au zaidi yanatakiwa kuandika kalori kwenye orodha ya bei. Uingereza, katika eneo la England, sheria kama hiyo ilianza Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 na kuendelea. Kwetu, aiskrimu ya kwenye pakiti unaweza kuisoma lebo, lakini ile ya kuchotwa mara nyingi utaona bei na ladha tu. Mlaji anaambiwa ajidhibiti, huku hapewi taarifa ya kumsaidia kujidhibiti. Wenye maduka wanaojua walichochanganya hawashindwi kukiandika.

Wakati tunasubiri hilo, fanya haya. Omba kikombe kidogo kuliko vyote, hata kama kikubwa kimezidi bei kidogo tu. Chukua skupu moja ya ladha unayoipenda kweli, kwa sababu usichokipenda hakikutoshelezi na utarudi kutafuta kingine. Juu yake weka vipande vya matunda badala ya sosi. Kama mpo wawili, gawaneni. Usiende dukani ukiwa na njaa.

Nyumbani pia unaweza. Gramu 100 za embe lililogandishwa zikisagwa na gramu 100 za mtindi usio na sukari zinakupa bakuli zima lenye kalori kama 120. Barafu za ubuyu au ukwaju nazo hazina mafuta, ila hesabu sukari unapoziandaa: kila kijiko cha chai ni kalori 16.

Aiskrimu moja haimnenepeshi mtu. Kinachomnenepesha ni kile kikombe kikubwa anachokirudia kila wiki akiamini ni chepesi.