Mfongo, hakimu na mpunga: nani aamue kesi ya maji Kilimanjaro?

Mtu akiziba mfongo usiku ili maji yaingie shambani kwake wakati si zamu yake, ametenda kosa gani? Kwa wazee wa Old Moshi au Marangu, ameiba zamu. Kwa desturi hutozwa mbege au mbuzi, na akikaidi hunyimwa maji. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, anayechukua maji bila kibali panapotakiwa kibali ametenda jinai, na anaweza kupigwa faini au kufungwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Mifongo, yaani mifereji inayotoa maji kwenye vijito vya msituni hadi kwenye migomba na kahawa, ilikuwepo kabla ya Wazungu wa kwanza kufika Uchagani katikati ya karne ya 19. Mingi ilichimbwa na koo, na kila mmoja ulikuwa na mkuu wake aliyepanga zamu na kuita watu kazini. Asiyetokea siku ya kuzoa tope alilipa. Adhabu ilibaki palepale penye mfereji: kilichotozwa kilikwenda kwa wale waliofanya kazi.

Watu wa mito mikubwa ya kale walifikiri hivyohivyo. Sheria za Hammurabi wa Babeli, za karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, zilimtaka mkulima aliyezembea tuta lake hadi likabomoka awalipe nafaka majirani waliofurikiwa. Nafaka ilikwenda kwa jirani, si kwa mfalme. Ukali wake tusiutamani, maana asiye na cha kulipa aliuzwa yeye na mali zake.

Leo faini ya mahakamani huingia serikalini, na mfongo hubaki na tope lake. Mkulima akifungwa, mikono ya kuusafisha imepungua.

Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi. Zamu zao ziliwafunga watu wa mfongo mmoja, na pengine wa jirani. Hazikumjua mtu wa tambarare. Mfano mzuri ni mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980 kwa ajili ya takribani hekta 1,100 za mpunga. Mpunga ulipoonekana kulipa, wakulima wa sehemu za juu za mto Rau nao wakafungua majaruba, na baadhi ya mashamba ya mradi yakakosa maji. Mzee gani wa ukoo angeamua shauri hilo? Na bado chini kuna miwa ya Arusha Chini, wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani.

Hapo ndipo Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, ina kazi halali. Kisheria maji ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, na mtu mmoja tu ndiye anayeweza kuangalia mto mzima: yule asiye wa kijiji chochote. Ila sheria hiyohiyo ya 2009 inatambua pia haki za kimila za maji, na inaruhusu Jumuiya za Watumia Maji kusuluhisha migogoro ya wanachama wake. Vifungu hivyo husahaulika kila mazungumzo yanapoanza na vibali na ada.

Suala hili linagusa mjadala mpana wa haki jinai, ule uliopewa nguvu na tume ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman iliyomkabidhi Rais Samia ripoti yake Julai 2023. Tanzania tayari ina Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayomwezesha mwenye kosa dogo kufanya kazi ya umma badala ya kukaa gerezani. Hakimu wa Moshi akimtuma mwizi wa zamu kuzoa tope la banio alilolivuruga, atakuwa ametumia sheria ya Bunge, na mkuu wa mfongo hataona jambo geni.

Swali gumu zaidi ni la viti. Jumuiya ikiwa na watu wa juu peke yao, mwenye jaruba Chekereni hatakubali uamuzi wake. Atakwenda polisi.