Waimbaji Wasituuzie Sura Tupu

Siku hizi mwimbaji haulizwi ameimba nini. Aulizwa picha yake i wapi. Wimbo usio na video ni kama barua isiyotiwa stempu: huenda ndani yake mna maneno mazuri, lakini haufiki. Na jambo hili limezidi katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na Kawangware, ambako kijana asiye na gitaa wala chumba cha kufanyia mazoezi huwa na simu mkononi, na simu hiyo ndiyo studio yake, ndiyo sinema yake, ndilo duka lake.

Mimi ni mtu wa maneno. Nililelewa chuoni, kisha katika beti, na kwetu mwambao mtunzi alijulikana kwa kauli yake, sura yake hakuna aliyeiuliza. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, wengi walionunua santuri zile hawakupata kumwona uso. Hata marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipokuwa akitia maneno yake katika mahadhi ya sinema za Kihindi, picha ilikuwa vichwani mwa wasikilizaji. Aliyekwisha kuitazama sinema Mombasa aliyasikia mahadhi, akamwona yule binti wa Kihindi analia, na huku Bhalo ampa kilio cha Kiswahili. Basi nilikwenda Nairobi na shaka yangu, wala sikuificha.

Kawangware nilishuka katika matatu ya nambari 46, nikawakuta vijana watano wanapiga picha za wimbo wao. Chombo chao kilikuwa simu moja tu. Ili picha iende taratibu bila ya kutikisika walikodi mkokoteni wa maji, mpiga picha akakaa pale panapokaa mitungi, na wenzake wawili wakawa wamsukuma. Nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana walipopita mbele ya mama mmoja aliyekuwa akikaanga mandazi, mama yule alijifunika uso kwa kifuniko cha sufuria, akawapigia kelele.

"Mbona mnanipiga picha na hamjaniomba? Watoto wangu wako ushago, ndio wanione hivi?"

Nilidhani watamtukana au watapita. Mwimbaji wao alishuka, akachutama kando ya jiko, akasema, "Pole, mathe," kisha akamsikizisha wimbo katika simu mpaka mwisho. Ulikuwa wimbo wa mtoto aliyesomeshwa kwa senti za mandazi. Mama hakusema neno. Alivua aprini yenye mafuta, akafunga kitambaa kingine kichwani, akakaa vizuri juu ya kigoda chake. "Haya, sasa pigeni." Nami nakiri mbele ya wasomaji wangu kwamba uso ule, kwa muda usiofika dakika moja, ulieleza yale ambayo beti zao, zilizokuwa dhaifu kidogo kwa vina, hazikuweza kuyaeleza.

Hapo ndipo nilipofahamu. Watu wa mitaa hii wamepigwa picha miaka mingi na wageni, na katika picha hizo wao wenyewe walikuwa kama mapambo ya ukutani. Sinema ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, ilipigwa kwa sehemu Kibera, ikaenda ikatazamwa dunia nzima. Mfaransa ajulikanaye kwa jina la JR alifanya uungwana zaidi. Mwaka 2009 alifunika mapaa ya Kibera kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa hapo hapo, zilizochapwa juu ya kitu kisichopenya maji ili zizuie na mvua. Macho mengine akayabandika juu ya mabehewa ya gari la moshi, na nusu ya chini ya nyuso akaiweka juu ya mabati mtelemkoni, hivyo gari lilipopita uso ukawa mzima. Lakini hata hayo yalikuwa macho ya wenyeji katika hadithi ya mgeni.

Octopizzo alikuja na hadithi ya mwenyeji. Jina lake amelitoa katika nambari 8 ya matatu za Kibera, na albamu yake ya mwaka 2012 aliipa jina la Chocolate City, ndiyo Kibera yenyewe. Atazamaye yale mapaa ya bati lenye kutu kutoka juu hatashangaa. Mwaka 2016 akafanya albamu pamoja na wakimbizi wa Kakuma na Dadaab. Na mwaka 2019 Stevo Simple Boy, wa Kibera vilevile, aliwaonya vijana juu ya mihadarati. Wengi walianza kwa kumcheka, kisha wakajikuta wanaimba naye. Walimpenda kwa kuwa alijitokeza kama alivyo.

(Ndugu zangu Waislamu wasisahau kwamba jina la Kibera lenyewe ni la Wanubi, askari wa KAR na wajukuu wao, na kwamba kwa Kinubi maana yake ni msitu. Makina pana misikiti na maulidi yenye umri mrefu kuliko Kenya huru. Hadithi hiyo nayo yangoja kijana wa kuiimba na kuionyesha.)

Ninalolikataa ni lile lingine. Kawangware yapakana na Lavington, penye majumba na mageti, na kijana hushawishika kuvuka barabara, akakodi gari la mtu kwa saa mbili, akaazima mkufu, akasimama mbele ya nyumba asiyoijua hata mwenyewe ni nani. Mshabiki wake aliyepanga chumba kimoja naye atazama picha hiyo, kisha akutana na mwimbaji yule yule jioni akigombea nafasi katika matatu. Aaminije tena neno lake?

Na sisi wa mwambao tusijione tumesalimika. Katika arusi zetu mwimbaji wa taarabu aimba, na simu ishirini zainuliwa. Wanawake waliojifungia peke yao, wakavua mabuibui wakacheza, asubuhi hujikuta katika simu za wanaume wasiowajua. Hakuna aliyechutama kando yao akawaomba. Ningependa vikundi vyetu vya taarabu vipige picha zao wenyewe, kwa siku yake na kwa idhini ya kila anayeonekana, na katika arusi simu ziwekwe mlangoni ndani ya kikapu, kama vile viatu viachwavyo nje ya msikiti.