504 SI GARI MOJA

Wahenga walinena kuwa usione vyaelea, vimeundwa. Walioliunda gari la Peugeot 504 hawakuunda gari moja. Waliunda magari kadhaa, kisha wakayapa jina moja. Hapo ndipo ubishi wetu wa wakati wa mapumziko unapoanzia. Utamsikia mtu akipaaza sauti, "Pijo ni pijo tu, bwana!" La hasha! Anayesema hivyo hajawahi kuchutama akalitazama gari hilo kwa chini.

Gari hili lilizinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, na mwaka wa 1969 likatuzwa kuwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya. Hapa Kenya liliunganishwa kwa miaka mingi, na wazazi wetu walilipanda sana katika safari za mbali. Ndiyo maana wengi hudhani wanalijua.

Hebu tuanze na lile la kawaida lenye buti. Nyuma yake utaona herufi: L, GL au TI. Wengi husoma herufi hizo wakaridhika. Mimi nasema herufi hubanduliwa na kubandikwa, lakini chuma hakidanganyi. Inama utazame magurudumu ya nyuma. Katika GL na TI, kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake, ndiyo sababu gari hutulia kwenye barabara mbovu. L, iliyoletwa mwaka wa 1973 kwa wanunuzi wa bei nafuu, ina mhimili mmoja mzito unaoyaunganisha magurudumu hayo mawili. Je, GL na TI utazitofautishaje? Fungua boneti. GL ya petroli ina kabureta, ilhali TI ina pampu inayonyunyizia injini petroli.

Sasa tuje kwenye stesheni wagoni. Jamani, hii si ile ya buti iliyoongezewa paa! Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni mita 2.90, ilhali ile ya buti ni mita 2.74. Nyuma ina mhimili mzito na springi nne, mbili kila upande. Iliundwa kubeba mizigo. Ile yenye safu tatu za viti iliundwa kubeba watu saba.

Hata wapenzi wa mbio za Safari Rally hukosea. Husema 504 ilishinda mwaka wa 1975 na mwaka wa 1978, kana kwamba ni gari lile lile. Mwaka wa 1975 Ove Andersson alishinda kwa gari la milango minne, lenye injini ya silinda nne. Mwaka wa 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa lile fupi la milango miwili, lenye silinda sita. Jina moja, magari mawili!

Najua wapo watakaouliza, "Magari haya yamezeeka, ya nini kujisumbua?" Swali zuri. Jibu langu ni kwamba mengine bado yako barabarani, na mwenye gari kuukuu mara nyingi si tajiri. Mtu kama huyo akinunua spea za nyuma za GL kumbe gari lake ni L, pesa zimekwenda na gari bado limelala. Vilevile, anayelipakia gari la buti magunia kana kwamba ni stesheni wagoni anahatarisha maisha ya walio ndani. Kutojua kwake si jambo la kuchekesha hata kidogo.

Pia, ujuzi huu uko vichwani mwa mafundi wazee wa jua kali. Wakiondoka bila kuulizwa, wataondoka nao. Sisi tuliozoea kukariri majibu kwa ajili ya mtihani tuna la kujifunza kwao: fundi hasomi jina akatoa uamuzi, hutazama kwanza.

Kwa hivyo, wenzangu, mkiona 504 imeegeshwa, msibishane. Mwombeni mwenyewe ruhusa, mchutame, mtazame. Chuma kitawajibu.