Mmesahau udongo

Mwandishi, kwenye makala yako ya kitalu nyumba umesifia nailoni na mipira ya matone, udongo hukuugusa, na mimi kilichonitia hasara ni udongo. Nyanya zangu zilishafunga matunda, zinapendeza, mara zikaanza kunyauka mchana majani yakiwa bado ya kijani. Fundi aliyenijengea kitalu nyumba akasema ongeza maji. Nikaongeza. Wiki mbili tu, mstari mzima chali.

Bibi shamba ndiye aliyenifungua macho. Alikata kipande cha shina, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukawa unashuka kutoka pale alipokata. Mnyauko bakteria huo. Hauna dawa ya kuuponya, na hukaa ardhini miaka. Wavu wa kitalu unapunguza wadudu kama kantangaze, sawa, lakini huu uko chini ya miguu yako, na kitalu hukihami kama unavyohama shamba la kukodi. Ukibadili ukapanda hoho au bilinganya, nazo ni jamii moja na nyanya, zinaweza kuugua vilevile.

Ndugu zangu mnaotaka kukopa mjenge, pelekeni kwanza udongo maabara, ndipo mwite fundi.