Kumfukuza Mtoto Si Kumfunza

Wahenga walisema, mtoto akikunyea kiganjani hukikati kiganja. Basi mbona shule zetu ni nyepesi mno kukata?

Mvulana akivunja dirisha au akimtusi mwalimu, huambiwa aende nyumbani majuma mawili, kisha arudi na mzazi. Majuma hayo huyapitisha wapi? Nimewaona wengi kwenye vituo vya matatu, wakijifunza yale ambayo hakuna mzazi angependa wayajue. Arudipo darasani, wenzake wamekwisha kumwacha nyuma katika hesabu. Naye, kwa kuwa haelewi lolote, huanza fujo upya.

Walimu hulalamika kwamba kiboko kilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakataza kumfukuza mwanafunzi mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha zishindwe. Wauliza, wabaki na nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake tunalo tangu zamani. Katika mabaraza ya wazee mkosaji aliketishwa mbele ya aliyekosewa, akasikilizwa, akatozwa faini, wakapatanishwa.

Na shuleni iwe vivyo hivyo. Aliyevunja dirisha asaidie kulitengeneza jioni. Aliyetusi aombe radhi mbele ya mzazi wake. Lakini masomo yake yasikatizwe hata siku moja. Mwalimu naye apunguziwe vipindi, apate nafasi ya kazi hiyo. Mtoto mtukutu ndiye mwenye haja kubwa ya shule. Tukimfungia lango, nani atamfunza?