Dawa za VVU zipo, ila nani anamfuata aliyeacha kuja kliniki?

Ukiingia kliniki ya tiba na matunzo, ile tuliyozoea kuiita CTC, utamkuta muuguzi, tabibu na dirisha la dawa. Hao unawaona haraka. Kuna mwingine ambaye ni rahisi kumpita: yule aliyekaa pembeni na rejista, anaangalia nani alitakiwa kuja leo na hajatokea. Anaanza kupiga simu. Simu isipopatikana, anapanda bodaboda.

Kwa miaka mingi watu wengi wa aina hiyo wamekuwa wakilipwa na miradi ya wafadhili, sio na serikali. Mradi ukisimama, na wao wanasimama. Mwaka 2025 tuliona maana yake.

Swali ambalo halijapata jibu hadi sasa ni dogo tu: huyu mtu ni wa nani?

Kilichotokea 2025

Januari 20, 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye taasisi zinazoendesha miradi kwa fedha za Marekani ziliambiwa zisimamishe kazi. Ndani yake kulikuwa na PEPFAR, mpango wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka 2003, ambao kwa nchi nyingi za Afrika ndio ulikuwa mhimili wa huduma za VVU.

Muda mfupi baadaye ikatoka ruhusa maalumu: matibabu ya kuokoa maisha yaendelee. Kwenye karatasi ilionekana tatizo limekwisha. Lakini ruhusa hiyo haikurudisha kila kitu. Dawa za kujikinga na maambukizi, kwa mfano, ziliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Na Julai 1, 2025, shirika la USAID, lililokuwa likisimamia sehemu kubwa ya miradi hiyo, likafungwa rasmi.

Hapo ndipo watu wengi walipogundua kitu. Kopo la dawa linaweza kukaa stoo likisubiri uamuzi wa Washington. Binadamu hawezi. Ana kodi ya nyumba, ana watoto shule. Akikaa miezi miwili bila malipo, anatafuta kazi nyingine, na anaondoka na uzoefu wake wote.

Ni nani hasa tunamzungumzia?

Sio daktari. Ni washauri rika, yaani watu wanaoishi na VVU waliofundishwa kuwasaidia wenzao. Ni mama rika wanaokaa na wajawazito. Ni makarani wa takwimu, wapimaji wa mitaani, wasindikizaji wa wagonjwa wapya kutoka chumba cha vipimo hadi kliniki. Wengi hawana cheti cha chuo cha afya.

Tuchukue mfano. Ni mfano tu, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa benchi la CTC ataufahamu. Mama wa miaka 24, yuko Makete, ananyonyesha. Anatumia dawa kwa siri, mume hajui. Mwezi huu hajaja kliniki. Simu haipatikani.

Ukimtuma mtu asiyeijua kazi, atafika pale nyumbani na kusema mbele ya mama mkwe kwamba ametoka CTC. Umeshaharibu. Mshauri rika anajua aingie kwa salamu gani, ajitambulishe kama nani, na amvute mama pembeni lini. Kazi hiyo hujifunzi kwenye semina ya siku mbili.

Asipofuatwa, nini kinatokea? Mtu akiacha dawa, virusi huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache. Akinyonyesha, mtoto yuko hatarini. Shirika la Afya Duniani linasema bila kinga yoyote uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha ni kati ya asilimia 15 na 45. Kwa dawa na huduma sahihi, unashuka chini ya asilimia 5. Tofauti ya namba hizo mbili, kwa mama huyu wa mfano, inategemea mtu mmoja mwenye nauli ya bodaboda.

Ushahidi upo, tena wa hapa hapa

Kuna watu watasema hizi ni hisia. Basi tuangalie utafiti.

Kati ya 2012 na 2013, watafiti walifanya jaribio kwenye kliniki za Dar es Salaam na Lusaka, Zambia, likiongozwa na Dk Sayoki Mfinanga. Waliwahusisha karibu watu 2,000 walioanza dawa wakiwa wameshadhoofika sana. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa vitu viwili: kipimo cha fangasi hatari wa ubongo, na ziara za nyumbani kutoka kwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo, mara moja kwa wiki kwa wiki nne za mwanzo.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2015. Vifo kwenye kundi la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 28. Kundi la huduma ya kawaida lilipoteza asilimia 18 ya watu wake, hili jingine asilimia 13.

Kwa haki, tusiseme ni ziara peke yake, maana na kipimo kilikuwemo. Lakini hakukuwa na madaktari wapya wala majengo mapya. Na Jinja, Uganda, jaribio lililochapishwa 2009 lilionyesha kwamba wagonjwa waliofuatiliwa nyumbani na wahudumu wasio wataalamu walifanya vizuri sawa na waliokuwa wakienda kliniki.

Kwa hiyo ishu sio kama kazi hii ina faida. Hilo lilishajibiwa zaidi ya miaka 10 iliyopita.

Basi kwa nini hawakuajiriwa?

Sababu ya kwanza ni ikama. Ajira serikalini inaendana na muundo wa utumishi: kuna nafasi ya muuguzi, ya tabibu, ya mteknolojia wa maabara. Kwa miaka mingi hakukuwa na kiti kinachoitwa mshauri rika. Huwezi kumlipa mtu kupitia kiti ambacho hakipo.

Sababu ya pili ni foleni. Nchi yetu ina upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na wapo wauguzi na matabibu waliomaliza vyuo wakiwa bado mtaani wanasubiri kibali cha ajira. Mwanasiasa gani atasimama jukwaani aseme tunaajiri mshauri rika wa darasa la saba wakati muuguzi mwenye diploma anauza vocha?

Sababu ya tatu haizungumzwi sana. Wafadhili wenyewe walijenga mfumo wa pembeni: wafanyakazi wao, ripoti zao, magari yao. Ulifanya kazi haraka na uliokoa maisha ya mamilioni ya watu. Lakini serikali nazo zilizoea. Kama kuna anayelipa, kwa nini uweke kwenye bajeti?

Wakati huo huo dawa yenyewe imeshuka bei. Kidonge kimoja kwa siku ambacho wengi wanakitumia sasa kinagharimu chini ya dola 40 kwa mtu kwa mwaka kikinunuliwa kwa wingi. Dawa imekuwa rahisi. Kilichobaki ghali ni watu wa kuhakikisha inamfikia anayeihitaji.

Namba za Tanzania zinasema nini

Utafiti wa Viashiria na Matokeo ya UKIMWI Tanzania wa 2022-23 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, sawa na watu takriban 1,548,000. Njombe iliongoza kwa asilimia 12.7, Iringa ikafuata kwa 11.1.

Waliokuwa wanajua hali zao ni asilimia 82.7. Kati ya hao wanaojua, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa. Na kati ya walio kwenye dawa, asilimia 94.3 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Lengo la dunia ni 95 kwa kila hatua.

Ona tatizo liko wapi. Mtu akishajulikana na kuingia kliniki, mfumo unamshika vizuri. Shida ipo kabla ya hapo: zaidi ya watu laki mbili na nusu walikuwa na VVU bila kujua. Hawa hawaji wenyewe. Wanatafutwa kwenye mialo ya samaki, machimboni, kwenye mashamba ya chai, saa za usiku. Na anayewatafuta ni yule yule ambaye ajira yake inategemea mradi.

Hata ile asilimia 97.9 sio mali ya kudumu. Imeshikiliwa na simu zinazopigwa kila siku.

Serikali imefanya nini?

Haijakaa kimya. Katika bajeti ya 2025/26 zilipendekezwa tozo mpya, zikiwemo za mafuta na bia, fedha zake zikielekezwa kwenye Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI na kwenye bima ya afya kwa wote. Ukijaza mafuta, ukapanda daladala au ukanunua bia, na wewe umechangia. Kwa hiyo una haki ya kuuliza hela inakwenda wapi.

Kabla ya hapo, Januari 2024, ulizinduliwa mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwapata 137,294 ndani ya miaka mitano. Huu ndio mlango mkubwa kuliko yote. Kama mshauri rika mwenye uzoefu wa miaka 10 anaweza kuingia humo, tatizo la kiti limepata jibu.

Lakini mlango una vigezo. Wakiangalia vyeti tu, wataingia vijana wapya wasiowahi kukaa na mgonjwa wa VVU, na wale waliojua nyumba kwa nyumba watabaki nje. Pia mhudumu huyo atabeba chanjo, lishe, malaria, uzazi na kifua kikuu. VVU isipotajwa waziwazi kwenye majukumu yake, itakuwa kitu cha mwisho kwenye orodha.

Malawi walijaribu, na wakaumia pia

Mwaka 2004 Malawi, ikiwa na upungufu wa kutisha wa watumishi, ilianza mpango wa dharura. Kwa msaada wa wafadhili, kada muhimu ziliongezewa mshahara kwa asilimia 52 na vyuo vikapanuliwa. Hadi 2009 wataalamu wa afya walipanda kutoka 5,453 hadi 8,369. Wahudumu wao wa jamii wako kwenye mishahara ya serikali, na wamesaidia sana kwenye upimaji wa VVU.

Somo la kwanza: inawezekana. La pili ni chungu kidogo. Mwaka 2013 kashfa ya wizi wa fedha za umma iliwafanya wafadhili wasitishe msaada wa moja kwa moja kwenye bajeti. Mshahara ukitoka kwa mfadhili, hata ukipitia hazina yako, bado sio wako.

Saa inakwenda

Septemba 2025 Marekani ilitoa mkakati mpya wa afya ya dunia. Inasema itaendelea kulipia dawa na wahudumu wa mstari wa mbele kwa muda, huku ikisaini mikataba na kila nchi ili mzigo uhamie taratibu kwa serikali. Kenya ilisaini Desemba 4, 2025: Marekani hadi dola bilioni 1.6 kwa miaka mitano, na Kenya yenyewe kuongeza dola milioni 850. Novemba mwaka huo huo, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria uliahidiwa dola bilioni 11.34. Ulikuwa unatafuta bilioni 18.

Yaani hela ya nje inapungua, na tarehe inajulikana. Safari hii hatutaweza kusema tumeshtukizwa.

Mambo matatu ya kuangalia

Kwanza, mgawanyo wa fedha. Taarifa ya mfuko wa UKIMWI ikitoka, usiishie kwenye jumla. Tafuta kiasi gani ni dawa na vitendanishi, na kiasi gani ni mishahara na nauli za kufuatilia wagonjwa.

Pili, halmashauri yako. Vituo vya afya na zahanati viko chini yake. Muulize diwani: wahudumu wa CTC waliokuwa chini ya mradi ni wangapi, na wangapi wamepata nafasi kwenye mpango wa wahudumu wa jamii?

Tatu, siri ya mgonjwa. Kenya imeagiza huduma za VVU ziunganishwe na huduma nyingine za wagonjwa wa nje, na nchi nyingine zinaifikiria njia hiyo. Inabana matumizi na inaweza kupunguza unyanyapaa wa jengo la peke yake. Lakini mgonjwa akiitwa kwa sauti kwenye foleni ya watu 60 na kukabidhiwa makopo matatu ya dawa mbele ya jirani, mwezi ujao haji. Na kama wa kumfuata hayupo, hakuna atakayejua kwa nini.

Yule mama wa Makete hajui lolote kuhusu mikakati ya Washington wala ikama ya Dodoma. Anachojua ni kwamba zamani akikosa kliniki, kuna dada alikuwa anapita nyumbani kama mteja wa mboga, wanaongea uani, kesho yake anaenda kuchukua dawa. Swali ni kama huyo dada atawekwa kwenye orodha ya malipo ya serikali.