Paka Aliyeachwa Kambini



Askari apatapo uhamisho hukabidhi kila alichopewa: bunduki, mablanketi, funguo za nyumba. Vyote huandikwa daftarini na kutiwa sahihi. Lakini yuko mmoja asiyeandikwa popote, naye ni paka aliyelelewa uani, akazoea sauti ya mwenyewe na saa ya chakula. Lori liondokapo, yeye hubaki mlangoni.

Katika mwambao huu, tangu ziwa dogo la Mofwe hadi Nchelenge na soko la Kashikishi kando ya Ziwa Mweru, paka, ambaye wenyeji humwita pushi, huishi kwa fadhila ya wavuvi. Hula vichwa vya samaki na chisense zilizodondoka mahali zinapoanikwa. Ifikapo Desemba uvuvi hupigwa marufuku hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Sheria hiyo ni njema, nasi yatupasa kuilinda. Hata hivyo mabaki ya samaki hupungua, na paka wasio na mwenyewe ndio wa kwanza kuona njaa. Huingia majikoni, huiba, hupigwa mawe. Kisha twasema paka ni mwizi, tukasahau kwamba ni sisi tuliomtupa.

Historia ya majeshi yatufunza vingine. Mwaka 1948 baharia mmoja wa Uingereza aliokota paka mwenye njaa bandarini Hong Kong, akamwingiza katika manowari yake, HMS Amethyst. Mwaka 1949 manowari hiyo ilipigwa mizinga na kuzuiliwa katika mto Yangtze kwa zaidi ya miezi 3. Paka huyo, aliyeitwa Simon, alijeruhiwa, lakini akaendelea kuwaua panya waliokuwa wakila akiba ya mabaharia. Alitunukiwa medali ya Dickin, na hadi leo hakuna paka mwingine aliyeipata. Huyo naye alianza kama paka wa kuokotwa.

Mjini Lusaka kuna chama cha Lusaka Animal Welfare Society, na Nairobi kuna KSPCA, vinavyowatunza mbwa na paka waliotupwa hadi wapate wenyewe wapya. Wengi hudhani kwamba kujitolea mahali kama hapo ni kufagia na kuosha vyombo tu. Kazi hiyo ipo, lakini iliyo kubwa zaidi ni kuketi kimya. Paka aliyewahi kupigwa hujibanza pembeni, na mgeni ajaye kuchagua humpita, akamchukua yule asogeaye mbele. Basi mwenye kujitolea huketi karibu naye siku baada ya siku, bila kumlazimisha, hadi paka mwenyewe amwendee. Hapo ndipo anapoweza kupata nyumba. Askari aliyezoea lindo la usiku anayo tayari subira ya namna hiyo.

Atakuwapo wa kuuliza: watu wana dhiki, kwa nini tuhangaikie paka? Swali hilo ni halali, hasa katika wilaya hii ambayo tangu mwaka 2018 ina makazi ya wakimbizi kutoka Kongo huko Mantapala. Hakuna asemaye paka atangulizwe mbele ya mtoto. Lakini nusu saa baada ya gwaride haimpunguzii mtoto kitu, na ghala la unga lenye paka halina raha kwa panya. Zaidi ya hayo, raia hututazama. Amwonaye mwenye bunduki akimpiga teke kiumbe asiyeweza kujitetea, hujiuliza zamu yake itakuwa lini.

Kwa kuwa Lusaka iko mbali, napendekeza kila kambi na kila kituo cha polisi kiwe na orodha ya wenye kujitolea. Kwanza, paka wapewe maji na chakula chenye samaki au nyama, kwani nshima tupu haiwatoshi. Pili, watoto wao wazoezwe mikono ya watu mapema, kati ya wiki ya 2 na ya 7, wala wasitenganishwe na mama yao kabla ya wiki ya 8. Tatu, daktari wa mifugo aombwe chanjo ya kichaa cha mbwa na huduma ya kuhasi, maana paka jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu. Atakayeumwa na paka asiyejulikana aoshe jeraha kwa sabuni na maji kwa dakika 15, kisha aende hospitali upesi.

Nne, na hili ndilo kubwa, asiondoke askari yeyote kabla ya kumpatia paka wake mwenyewe mpya: jirani, mpishi wa kambi, au mama muuza samaki aliyekwisha kumwona na kumkubali. Daftari la makabidhiano halina mstari wa paka. Kila mmoja wetu na auongeze kwa mkono wake.